Sauti ya Shimoni na Ngiri Aliyejaa Kupe

Paukwa!

Pakawa!

Aa, huo si mwitikio, huo ni mwayo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mashimo ya nyika yakiwa yameungana chini kwa chini, aliishi Ngiri kijana. Ngiri, mnajua, huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza. Siku moja akakosea shimo. Akaingia la Nungunungu, jembamba, akanasa. Nguchiro, wale wadogo ambao kila asubuhi humtoa ngiri kupe, wakacheka mpaka wakagaagaa. Kisha wakamvuta, wakamtoa.

Lakini Ngiri alikumbuka kicheko tu. Akajifungia. Kutolewa kupe hakwenda tena.

Basi huko ndani, kwenye giza la nyuma, akasikia sauti. Shii, shii. "Pole, ndugu yangu."

Pole ni neno tamu kwa mpweke, watoto. Ngiri akalia. Kesho yake sauti ikasema walimcheka kwa makusudi. Keshokutwa ikasema huwacheka ngiri wote. Akauliza, "Wewe nani?" Ikajibu, "Mimi ndiye pekee ninayekupenda." Uso haikuonyesha. Kupe wakanenepa, mwili ukamuwasha, na sauti ikamwambia hata maumivu hayo yameletwa na Nguchiro. Mwisho ikanong'ona: kichuguu wanamolala Nguchiro na watoto wao, akakibomoe wakiwa ndani, peke yake, asimwambie yeyote. Nyika nzima itamjua.

Jua likichomoza, akaenda. Tii, tii, tii. Mlangoni akamkuta Bibi Nguchiro anaota jua. Bibi akamtazama meno, akamtazama macho. Akaelewa. Ndani watoto walikuwa bado wamelala.

"Umepotea sana, mjukuu wangu," akasema. "Lala ubavu."

"Nimekuja kuwaua, bibi. Sauti ya shimoni imenituma, ndiyo pekee inayonipenda."

"Nimeona. Lala kwanza. Huyo kupe wa nyuma ya sikio amekuzidi."

Ngiri alitaka kuruka. Lakini mwasho wa sikio ukamshinda. Akalala. Bibi akachokonoa, tk, tk.

"Tulikucheka, na tulikosa," akasema Bibi. "Ulipopotea nilisema utarudi mwenyewe. Ilinipasa nije kukujulia hali. Lakini huyo anayekupenda peke yake, amekutoa kupe wangapi?"

Ngiri akafikiri. Akatafuta hata mmoja. Hakumpata. Ndipo akalia kama mtoto, kwa uchungu, na kilio chake kikawaamsha watoto wa Nguchiro. Wakatoka, wakampanda mgongoni, wakaanza kazi.

Sauti haikufa. Baadaye Ngiri akasikia kwamba Fungo, ambaye wanyama humkwepa kwa harufu yake, hatoki tena shimoni, anazungumza na asiyeonekana. Ngiri hakungoja. Akaenda, akaketi mlangoni.

"Hodi, Fungo. Ni mimi Ngiri. Sina haraka."

Akakaa. Jua likapanda, likaanza kushuka, naye amekaa. Mwishowe, polepole, pua ikachungulia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Akupendaye huja na uso wake na mikono yake. Na ukiona mwenzio amejifungia, usiseme atatoka mwenyewe. Kapige hodi, ukae.

Ngano yangu ndiyo hiyo, na hapa nimeiachia. Nendeni mkawajulie hali wenzenu.