Kenge wa Binti Ngwale

"Ukimfukuza kenge bandani, umemkaribisha mamba mtoni."

Ndivyo mjomba wenu alivyomjibu jirani asubuhi hii, jirani alipokuwa akitafuta wenzake wa kwenda kuangusha viota vya mwewe wanaomlia vifaranga. Niliwaona mkitazamana. Sasa mmepanda wote humu dunguni kwangu kuniuliza kenge kafanya nini na mamba kafanya nini. Haya, kaeni vizuri. Nguzo za dungu hili ni za zamani kama mimi, tusije tukaangukia mpunga. Na wewe Mtupa, mjukuu wangu, mume wangu, acha kumfinya mdogo wako, tazama ndege. Masikio yako hayana kazi nyingine, yalete huku.

Methali hii ilizaliwa hivi.

Kabla bibi yangu hajazaliwa, kilikuwako kijiji kando ya Mto Rufiji, mahali mto unapojikunja kama mtu aliyelala. Asubuhi ukungu ulitoka majini ukaingia mpaka uani, na watu walisalimiana bila kuonana, kila mmoja akiijua sauti ya mwenzake. Ndani ya ukungu huo alipita pia kenge. Alitembea polepole kati ya nyumba, ulimi ukitoka na kurudi, kama mzee anayetafuta kitu asichokumbuka alikiweka wapi. Alichokitafuta ni mayai.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aliyeitwa Binti Ngwale. Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Mwanaidi, ambaye mwaka huo alikuwa mwali, amewekwa ndani. Mama yake alitaka siku ya kumtoa watu wale kuku mpaka wasahau njia ya kwao. Akaatamisha kuku saba. Kenge akala mayai ya kuku watano.

Binti Ngwale alitoka na mchi mkononi, akasimama katikati ya watu.

"Nimechoka kumfugia kenge kuku!" alisema. "Ninyi wenyewe husema, katika msafara wa mamba na kenge wamo. Basi huyu ni mamba mdogo. Tunamsubiri akue?"

Watu walicheka, lakini maneno yaliwaingia. Ni mzee mmoja tu aliyeinua mkono, mkono wenye udongo mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa Bi Nambunda, mfinyanzi wa mitungi.

"Mwanangu," alisema, "mimi huchimba udongo ukingoni kila kiangazi. Mchangani hukuta mashimo yamefukuliwa na maganda ya mayai yametapakaa. Ni mayai ya mamba. Unadhani anayafukua nani?"

"Wewe!" kijana mmoja alidakia. "Ndiyo maana hukondi!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "anamtetea mkwewe."

Bi Nambunda akacheka pamoja nao, kwa kuwa utani ni utani, kisha akaenda zake. Vijana wakachukua mikuki na mbwa. Kabla mvua hazijaanza, hapakuwa na kenge hata mmoja upande ule wa mto. Ngozi zao ziliwambwa kwenye ngoma mpya, na Mwanaidi alitolewa kwa ngoma hizo, kuku wakiliwa kama alivyotaka mama yake. Ilikuwa siku nzuri. Siwezi kuwadanganya kwamba haikuwa nzuri.

Sasa sikilizeni, maana hapa hadithi inakwenda taratibu kama mto wenyewe.

Kiangazi kilichofuata, mchangani hakukufukuliwa kitu. Mayai yalipasuka kwa wakati wake, na vitoto vya mamba vikaingia majini, kila kimoja urefu wa shibiri na nusu, macho ya njano kama mbegu za mahindi. Korongo walikula baadhi. Kambare walikula baadhi. Mamba wakubwa nao hawakuwaonea huruma wadogo. Lakini waliobaki walikuwa wengi kuliko desturi, na mwaka uliofuata ikawa hivyo tena, na uliofuata tena. Hakuna aliyeona. Nani hukaa ukingoni akatazama kitu kikikua? Watu walilima, waliolewa, walizikwa. Mafuriko yalikuja na kurudi. Samaki walipungua kidogo, watu wakasema ni upepo. Mbuzi akapotea akinywa maji, wakasema ni fisi. Na asubuhi, katika ukungu, juu ya maji palielea magogo mengi ambayo jana hayakuwapo.

Mwaka wa saba Mwanaidi, mtoto wake wa kike mgongoni, aliinama kuteka maji, na gogo moja likafumbua macho.

Wanawake wenzake waliishika kanga yake, wakavuta. Mungu akataka, mamba akauachia mkono. Mtoto mgongoni hakupata hata mkwaruzo. Lakini mkono wa Mwanaidi ulikuwa umechanika vibaya, na kwa siku tisa homa ilimchukua na kumrudisha, ikamchukua na kumrudisha. Alisema na watu wasiokuwapo. Aliuliza kwa nini mto umeingia chumbani.

Mama yake hakulala vizuri siku hizo. Alfajiri ya siku ya kumi aliswali, akabaki juu ya msala, akaomba kwa maneno yake mwenyewe: "Ya Rabi, niachie mwanangu. Na uulete ulinzi katika mto huu, sisi tumeshindwa."

Alipokuwa akikunja msala alisikia kuku wanalia. Akatoka. Ukungu ulikuwa mzito. Mbele ya banda, mwembamba, mkia ukiburuta mavumbi, alikuwako kenge, wa kwanza kuonekana kwa miaka saba.

Binti Ngwale alichukua mchi. Alikuwa ameuinua aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Alikuwa Bi Nambunda, amezeeka sana sasa, amekuja na majani ya kuosha kidonda.

"Umeomba nini leo?" aliuliza mfinyanzi.

"Nimeomba mlinzi wa mto."

"Basi."

"Basi nini, mama? Huyu ni mwizi!"

"Ni mwizi, sikatai. Kwako ataiba yai moja. Kule mtoni ataiba kiota kizima. Mungu hakukuambia atakuletea mlinzi wa sura gani."

Kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba, lakini yenye akili zake, kwa mara ya kwanza tangu homa ianze. "Mama? Nani huyo?"

Binti Ngwale akaushusha mchi, akauegemeza ukutani.

"Mgeni," alijibu.

"Mgeni gani alfajiri yote hii?"

"Amekuja kula. Lala, mwanangu."

Kenge akala yai lake, akalamba ganda, akarudi kwa njia ileile kuelekea mtoni. Ukungu ukamfunika.

Msidhani mto ulipona siku ile. Kilichoharibika kwa miaka saba hakitengenezwi kwa yai moja. Watu walizungushia miti mahali pa kuteka maji, wakajenga mabanda ya kuku juu ya nguzo, na mkuki haukumgusa kenge tena. Polepole mashimo yakaonekana mchangani, na maganda yametapakaa. Mamba hawakwisha, wala wasingekwisha, kwa sababu nao wameandikiwa riziki yao. Walirudi kuwa kadiri yao tu, na watoto wakateka maji wakirudi wazima.

Homa ilimwacha Mwanaidi, lakini mkono wake haukunyooka tena. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni alikua, akaolewa, akafuga kuku wake. Siku moja akaja kwa mama yake amekasirika, akitaka vijana wa kumsaidia kuua kenge aliyemlia mayai. Mwanaidi alikunja kanga yake mpaka begani, akauweka mkono ule uliopinda mapajani mwa binti yake, akamwacha autazame kwa muda mrefu.

Kisha akasema, "Ukimfukuza kenge bandani, mwanangu, umemkaribisha mamba mtoni."