Mkaja Hukaza Nje

“Mkaja hukaza nje, ndani hukaza mwenyewe.” Mmeisikia kwa akina mama pale uwanjani, mkachekana, kisha mkanijia mimi mniulize imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, iweke chini, maneno haya hayasikilizwi kwa sikio moja. Chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa Muheza palikuwa na mfungaji wa mpira wa pete aitwaye Mwantumu. Mrefu, mwepesi, akiruka chini ya pete mzuiaji hubaki kumtazama. Akaolewa, akajaliwa mtoto wa kwanza, wa kike. Mama mkwe wake, Bi Riziki, alimlea uzazi ule kama amemzaa yeye: uji wa pilipili manga, maji ya moto, na kila asubuhi mkaja, ile nguo ndefu ya kufunga tumbo la mzazi. Kwa kufunga mkaja Bi Riziki alisifika mtaa mzima. Alivuta mpaka mtu ahemee kifuani, na ilisemwa kwamba aliyefungwa naye akitoka arobaini hutoka kama mwari.

Arobaini ilipokwisha Mwantumu alijitazama kiuno, akaridhika. Tumbo limerudi, na mimi nimerudi, akajiambia. Akaenda mazoezini na mkaja chini ya jezi, ameukaza kuliko siku zote.

Aliporuka mara ya kwanza tu, mkojo ukamtoka. Haukuwa mwingi, lakini mwenyewe aliujua. Akaruka tena, ukatoka tena. Wanangu, aibu ya mtu mzima kujikojolea mbele za watu msiombe. Hakumwambia mtu. Akaanza kuvaa bukta nyeusi, na siku za mazoezi akawa hanywi maji tangu alfajiri ili kusiwe na cha kutoka. Mkaja nao akazidi kuukaza, na kadiri alivyoukaza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika.

Kocha akamtania kwamba ndoa imemnogea. Akacheka pamoja na wenzake, akarudi nyumbani akalia bafuni. Hakuwa analilia kikombe cha ushindi. Tangu utotoni uwanja ndio uliokuwa mahali pake, hapo hakujiona amepungukiwa na kitu, na sasa uwanja ulikuwa unamponyoka.

Jumamosi moja, jua limewaka, akaanguka katikati ya mchezo. Mama anayenyonyesha, hana tone la maji mwilini, angesimama na nini? Akapelekwa hospitali, Bi Riziki nyuma yake na mjukuu mgongoni. Wakamtundikia maji. Alipoulizwa kwa nini hakunywa, akageukia ukutani. Ndipo akaitwa dada mmoja wa tiba ya viungo, Josefina Mhina, aliyezoea kuwatibu wachezaji. Yeye akavuta kiti, akauliza kwa sauti ya chini:

“Ukiruka, mkojo unakutoka?”

Mwantumu akamtazama mama mkwe wake, akainamisha uso. Machozi yakamtoka.

“Nitarudisha jezi,” akasema. “Nimeshakuwa mama, basi.”

“Usirudishe. Si wewe peke yako, na si adhabu ya kuzaa. Chini ya kibofu kuna misuli inayokishikilia. Mimba na uzazi huilegeza, nayo hufundishwa upya kama misuli ya mguu.”

“Mbona mkaja nafunga?”

“Mkaja unakuegemeza mgongo na tumbo siku za mwanzo, sikatai. Lakini misuli hiyo haufikii. Ukiukaza mno unasukuma uzito wote chini, huko huko kulikolegea.”

Akamfundisha. Avute kwa ndani kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ashikilie huku anapumua, kisha aachie kabisa, arudie, kila siku. Aanze amelala, baadaye asimame, baadaye afanye hivyo akinyanyua mtoto. Kuruka kuje mwisho kabisa, na ahesabu miezi, si wiki. Maji anywe.

Bi Riziki alikuwa amekaza macho sakafuni muda wote huo. Mwantumu akaogopa, maana mkaja ulikuwa ndiyo heshima ya yule mama, na leo umesemwa mbele yake. Kumbe mwenzake alikuwa na swali lake.

“Daktari,” akasema polepole, “na aliyezaa zamani?”

“Zamani ya lini, mama?”

“Mume wa huyu ndiye kitindamimba wangu.” Akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. “Mimi nikipiga chafya, kanga nabadilisha. Arusini nakaa mlangoni. Nilijua ndiyo kuzaa kwenyewe.”

Mwantumu akamshika mkono, wala hakuuachia. Siku zote alidhani mama anapenda upepo wa mlangoni.

“Hujachelewa,” Josefina akamwambia. “Wengi wa umri wako hupata nafuu.”

Basi nyumba ile ikapata wanafunzi wawili. Asubuhi ungewakuta wamelala chali mkekani, mtoto katikati yao.

“Umeshikilia, mama?”

“Nimeshikilia, usinichekeshe.”

Haikuwa kazi ya siku mbili. Mashindano ya mwaka ule yalipita Mwantumu akiwa nje ya mstari, na zaidi ya mara moja alisusa, Bi Riziki akamrudisha mkekani kwa kumbembeleza. Akaanza kukimbia taratibu, halafu mbio, halafu kuruka. Siku aliyoruka akatua mkavu, alimtafuta mama mkwe wake kwa macho pembeni mwa uwanja. Wakatazamana, wote wawili machozi, na watu wasijue kuna nini.

Muda si mrefu jirani mmoja, binti mdogo, akajifungua, na Bi Riziki akaitwa kumfunga mkaja. Akaenda, akaufunga, safari hii kwa mkono mwepesi. Binti akanuna.

“Bibi, mbona kwangu unalegeza? Kaza, nirudi nilivyokuwa.”

Bi Riziki akaketi kitandani kando yake. Siri aliyoificha tangu ujana wake akamwambia yule binti, bila kubakiza, akamweleza na namna ya kuvuta na kuachia. Kisha akamfunika miguu.

“Mkaja hukaza nje, mwanangu,” akasema. “Ndani hukaza mwenyewe.”