Moyo wa Kiwanda

Si zamani za kale, ni juzi tu, Mzee Lugendo alikuwa na kiwanda cha biskuti mjini Morogoro. Wafanyakazi wa chumba cha tanuri walichoka kuokwa pamoja na biskuti, wakaomba feni na zamu za kupokezana na wenzao wa idara nyingine. Bosi akamwita Bi Sikudhani, afisa utumishi wake.

"Feni sinunui, na zamu sitaki kuzisikia," alisema, kiyoyozi kikimpuliza kisogoni. "Wewe wafanye waipende kazi. La sivyo, tafuta kwingine."

"Sawa, mzee. Lakini maneno yangu hayana uzito. Waambie mwenyewe kwamba pale kwenye tanuri ndipo ulipo moyo wa kiwanda."

"Hilo rahisi."

"Na wakikuuliza mbona wewe hukai pale?"

"Nitasema natamani sana, ila hakuna nafasi."

"Hapo umewamaliza, mzee."

Kesho yake wafanyakazi walikusanywa uani. Mzee Lugendo alihutubia kwa madaha. "Chumba cha tanuri ndicho moyo wa kiwanda! Kungekuwa na nafasi, ningefanyia kazi zangu mle mle!"

Bi Sikudhani alipiga kigelegele. "Mzee, nafasi imepatikana! Ulipokuwa ukihutubia, meza yako tumeshaihamishia mle."

Wafanyakazi walishangilia, wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka kwenye kiti chake kando ya tanuri. Kabla ya adhuhuri alichungulia mlangoni, shati limemganda mgongoni.

"Sikudhani! Agiza feni!"

"Na zamu, mzee?"

"Zianze leo, na yangu iishe sasa hivi!"