Kisu Ndani ya Boga

Hadithi njoo, tukuonje. Anayechambua mchele aendelee kuchambua. Masikio hayana kazi nyingine.

Palikuwa na wanawake watatu wa nchi ya Ukwale. Nyamizi alikuwa na mikono ya kuficha: akificha kitu, hata yeye mwenyewe ilibidi akumbuke kwanza alikokiweka. Mwashi alikuwa na ulimi: aliwahi kumsema mgambo aliyekuja kumkamata, mpaka mgambo ndiye akaomba radhi. Kalunde, wifi yake Nyamizi, hakuwa na mikono wala ulimi wa kusifiwa. Alikuwa na moyo usiotetemeka. Moyo wa namna hiyo watu huusifu siku moja tu. Siku nyingine zote humwita mwenye nao mkavu.

Nshoma, binti yake Kalunde, aliolewa mbali, Unyuki, nchi ya tatu. Mumewe alikufa yeye Nshoma akiwa na mimba, na mwezi wa tisa zikaja salamu kwamba hana wa kumshika mgongo. Kalunde akasema anakwenda. Tatizo lilikuwa njia. Katika msitu wa Unyuki waliketi wanyang'anyi wawili, na mwanamke wa mwisho kupita pale alirudi bila mzigo na bila meno ya mbele.

Utasema, si abebe kisu? Sikiliza kwanza. Ukwale, sheria ilitaka kisu kionekane, kining'inie kiunoni, kwa kuwa anayeficha kisu anaficha nia. Ukivuka kijito tu, uko Umbuni, sheria imegeuka: kisu kisionekane, kwa kuwa anayekionyesha anatisha watu. Na Unyuki hapakuwa na kuonyesha wala kuficha. Bila pete ya chifu, kisu kinachozidi kiganja kilichukuliwa mpakani, na aliyekivusha alifungwa mpaka mwezi uandame. Hakuna walioijua sheria hiyo vizuri kama wale wanyang'anyi. Ndiyo maana walikaa upande ule.

Kalunde akachukua kisu cha kuchinjia cha marehemu mumewe. Nyamizi akamwambia, "Wifi, peke yako utafungwa," akajifunga khanga. Mwashi hakuombwa, alitokea tu na kibuyu chake cha maji.

Ukwale kisu kilining'inia. Kwenye kijito Nyamizi akakiviringisha kibindoni, akaikata Umbuni yote akitembea kama mtu asiye na kitu. Walipokaribia mpaka wa Unyuki akaomba boga kwa wenye shamba, akalikata kidirisha chini ya kikonyo, akakitumbukiza kisu, akaliziba kwa kipande kile kile na nta ya nyuki. Kalunde aliligeuza boga pande zote. Hakuona mshono.

Askari wa mpakani alilipima mkononi, akasema analipasua. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaeleza kwamba mdogo wake alichomwa sokoni na kisu ambacho hakuna aliyekiona, na tangu siku hiyo hukagua hata mbeleko za watoto. Kalunde akamtazama Mwashi. Mwashi akasogea mbele.

"Pole, baba. Lakini boga la mzazi likipasuliwa na mwanamume kabla mtoto hajatoka, mtoto hutoka analia, na hanyamazi. Wewe pasua. Wakwe wakiuliza, nitawatajia jina lako. Unaitwa nani?"

Mila hiyo haikuwepo. Mwashi aliitunga pale pale alipokuwa amesimama. Askari akalirudisha boga kwa mikono miwili.

Msituni wanyang'anyi walitoka wakicheka. Mkubwa wao akawaambia akina mama watue mizigo, maana visu wamekwisha kuviacha mpakani kama watu wenye adabu. Nyamizi akatua. Mwashi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakosa neno. Kalunde akalipigiza boga kwenye jiwe, akaokota kisu katikati ya mbegu, akasimama.

"Njoo uchukue," akasema.

Mkubwa akaja, kwa sababu hakuamini. Kisu kikamchana kutoka kiwiko hadi kiganja, na wote wawili wakakimbia.

Nshoma alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya nne mnyang'anyi akatambuliwa kwa jeraha lake, mwenzake akakamatwa, na chifu wa Unyuki akawaita wale wanawake. Alikuwa ameahidi pete kwa atakayeukomboa msitu, pete iliyoapiwa na machifu wote watatu: anayeivaa hubeba kisu popote, wazi au kibindoni.

"Pete ni moja," chifu akasema. "Atakayeivaa, kisu kilikuwa halali yake tangu mwanzo. Wawili wengine walivusha kisu kisicho chao, nao watafungwa mpaka mwezi uandame. Kisu ni cha nani?"

Nyamizi akasema bila mikono yake kisu kingebaki mpakani. Mwashi akasema bila ulimi wake boga lingepasuliwa, na wote watatu wangekuwa ndani. Kisha wakamtazama Kalunde.

"Kisu kilikuwa cha mume wangu, na aliyekishika ni mimi," Kalunde akasema. "Bila hawa ningefika msituni mikono mitupu. Sheria yako ilituvua sisi ikawaachia wale msitu. Leo unataka niitie kiraka kwa kumtaja mtu. Simtaji."

Askari wa mpakani, aliyesimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba wampe yeyote wamtakaye, lakini mdogo wake yuko kaburini, na boga lile alilishika kwa mikono yake mwenyewe akalirudisha.

Chifu akaiweka pete juu ya mkeka, katikati yao. Wasipochagua kabla ng'ombe hawajarudi zizini, akasema, watafungwa wote watatu. Kalunde akakunja mikono.

Haya, wewe unayesikiliza. Apewe aliyekificha, aliyekisemea, au aliyekishika? Au asipewe mtu? Usiseme wote, pete ni moja, na kule kwa wakwe kuna mzazi wa siku nne ambaye hana wa kumkorogea uji. Amua wewe, na utuambie ni nani umemfunga.