Kibuyu cha Kogo na Kadi ya Giga Nne

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za mababu, nasema zamani za juzi tu, wakati kompyuta yenye kadi ya picha ya giga nne bado ilimtia mtu kiburi, palikuwa na msichana aitwaye Jerotich. Aliishi Marigat na nyanya yake, ambaye mji mzima ulimwita Kogo. Sogeeni karibu, maana hadithi hii ina woga ndani yake.

Kogo alikuwa na boma kando ya Ziwa Baringo. Ziwa likapanda. Likala shamba, likala zizi, likala nyumba, na mwisho likala kaburi la mumewe. Siku ya kuhama Kogo hakupata hata kumuaga mzee wake. Tangu hapo alikuwa akisema, "Nimemwacha mtu majini kama niliyemkimbia."

Sasa huyu Jerotich alikuwa mtu wa gemu. Lilikuwepo gemu moja la kujenga, mchezaji anaumba kijiji chake kisha anatembea ndani yake. Akaliumba boma. Miaka mitatu, jamani! Akajenga vilima kwa nyuma, akajenga zizi, akajenga mgunga wenye tawi lililovunjika. Kaburi akalijenga jiwe kwa jiwe, Kogo amekaa pembeni akimsahihisha: "Hilo la mwisho lilikuwa na ufa, mjukuu wangu. Tia ufa."

Kisha daktari akamwambia Kogo kwamba ugonjwa wa macho umefika mbali, na mvua ya masika haitamkuta akiona. Kogo akasema neno moja tu: "Nionyeshe kaburi kabla sijafunga macho, nimuage." Jerotich akaitikia.

Na balaa haliji peke yake. Wiki hiyohiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ya Jerotich ikatoa moshi. Kwisha! Boma likabaki kwenye flashi, halina pa kufunguliwa.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mjini ilibaki mashine moja yenye kadi ya picha ya giga nne, nayo ilikuwa ya Kiptui, mwenye chumba cha gemu. Shida ni kwamba mashine ya Kiptui ilitumia Linux, na gemu la Jerotich lilitengenezewa Windows. Hapo ndipo akaja Chelimo, rafiki yake, fundi wa kompyuta. Siku nne Chelimo hakuinua kichwa. Akaweka programu ya kukalimani katikati, gemu liseme lugha yake, mashine isikie lugha yake. Siku ya tano boma likafunguka. Jerotich alilia.

"Usilie bado," Chelimo akamwambia. "Nisikilize. Kwenye mashine yako, kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu liliazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kawaida. Lilijikokota, lakini halikufa. Hapa, jinsi ilivyopangwa, kadi ikijaa gemu linafungwa papo hapo. Na wewe mawe yako umeyachora mazito mno."

"Nipunguze ule ufa? Kogo ataujua."

"Basi tuombe Mungu."

Asubuhi iliyofuata Kogo akaletwa. Akaketi mbele ya kioo, pua karibu iguse. Jerotich akashika kidhibiti. Chelimo akakodolea macho namba za kadi pembeni. Kiptui akasimama nyuma yao, akitazama saa kila mara.

"Nenda polepole," Kogo akasema. "Ah! Lango langu lile."

"Tatu nukta mbili," Chelimo akanong'ona.

"Na zizi. Na mgunga, tazama, tawi lake!"

"Tatu nukta sita. Jerotich, simama."

"Asisimame!" Kogo akamaka. "Mzee yuko nyuma ya mgunga."

Tatu nukta nane. Tatu nukta tisa. Picha ikaanza kukwama. Boma likifungwa sasa, itabidi kuanza upya siku nyingine, na Kogo alikuwa akichoka macho kila siku kuliko jana. Kesho ilikuwa bahati nasibu. Chelimo hakumwuliza mtu. Akabonyeza, akashusha ubora wa picha. Vilima vikawa tope. Mgunga ukawa doa. Kaburi likawa rangi ya kijivu isiyo na jiwe hata moja.

Kogo akapiga yowe. "Macho yangu! Yamekwenda! Jerotich, uko wapi, siuoni mlima!" Akawa anapapasa hewani, akidhani giza limeshamfika. Jerotich alimkumbatia. Hakuwahi kuogopa namna ile, wala hakuogopa tena hivyo maishani.

Ndipo Kiptui akasema, "Kuna kitu nimekificha." Kumbe nyuma ya dirisha la boma, kwenye mashine ileile, alikuwa ameacha gemu lake la ligi wazi. Fainali, na yeye nahodha, wako mapumziko ya nusu ya kwanza. Gemu lile limekalia giga nzima na zaidi. Kwa kanuni ya ligi, nahodha akitoka, timu nzima imetoka, na wenzake wanne waliingoja fainali hiyo tangu mwaka jana. Kiptui akafumba macho, akalifunga.

Namba zikashuka. Chelimo akarudisha ubora. Vilima vikarudi, mgunga ukarudi, na kaburi hilo hapo, na ufa wake. Kogo akaweka kiganja juu ya kioo. "Mzee," akasema, "sikukukimbia. Ni maji." Akakaa hapo mpaka chozi likakauka.

Masika yalipofika, Kogo hakuona tena. Na katika ukoo wake, mwanamke akipofuka humpa mtu mmoja kibuyu chake cha maziwa. Mtu huyo ndiye atakuwa macho yake, atamshika mkono mpaka siku ya mwisho. Kibuyu hakigawanyiki.

Jerotich akasema, "Nisingejenga, mngefungua nini?"

"Mawe yako ndiyo yaliyojaza kadi," Chelimo akamjibu. "Nisingekalimani, boma lingebaki kwenye flashi. Nisingeshusha picha, lingefungwa."

"Na ukamtia bibi wa watu kiwewe!" Kiptui akasema. "Mimi nisingefunga fainali, asingeliona kaburi. Wenzangu hawaniamkii mpaka leo."

"Ungefunga mapema," Jerotich akasema, "asingepiga yowe lile." Kisha akaongeza, "Lakini ulilifunga," maana mgala muue na haki umpe. Moyoni alihofu kibuyu kisimpite, na alihofu pia kukipokea bila kustahili.

Kogo aliwasikiliza wote. "Mmenionyesha," akasema, "na mmeniogofya." Kisha akasimama.

Haya, semeni upesi. Kogo ameshanyoosha mkono, kibuyu kinatikisika, naye hamwoni aliye mbele yake. Je, ninyi mlio na macho, nani alistahili kukipokea?