Mjane Aliyekaa na Hasira Ukingoni mwa Ndiva

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa, bonde limekauka!
— Pakawa, maji yatashuka!

Hapo kale, si kale sana, milimani Upare palikuwa na mjane, jina lake Nakijwa. Mumewe alifariki wiki ileile aliyopanda maharage. Kazi ya mwisho ya mikono yake ilibaki mle shambani, nayo ilitaka maji.

Maji ya huko hulala kwenye ndiva, bwawa la udongo, na alfajiri huzibuliwa kwa zamu. Nakijwa na wifi yake Namkunda, dada wa marehemu, walikuwa na zamu moja. Tangu mazishi, Namkunda aliyavuta yote shambani kwake.

"Hukuniita nimuage ndugu yangu," alisema. "Mwagilia kwa machozi yako."

Hasira hasara, wenzangu, tunajua. Na hasara ikitangulia, hasira ikafuata, je?

Nakijwa akapanda kwa mtawa wa dini ya Budha, mgeni mwenye kipara na nguo ya manjano, aliyekaa kule juu.

"Baba, kifua kinawaka."

"Kaa na hasira yako, mama. Vuta pumzi, toa pumzi. Usiifukuze, usiifuate."

Akashuka, akashuka, akashuka, haelewi. Mgeni usiyemfukuza wala kumfuata, unamfanyaje?

Siku ya kwanza akaiziba hasira, kama ndiva. Namkunda akapita: "Mjane, hata salamu huna?" Akainamia jembe lake. Mpaka adhuhuri ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Siku ya pili akaizibua. Akamtukana wifi, akatukana jembe, akatukana hata mbuzi wa jirani, ambaye hakuwa na zamu. Maharage yakasinyaa.

Siku ya tatu akaketi ukingoni mwa ndiva, akafumba macho. Akavuta pumzi, akatoa. Hasira ikaja, akaitazama.

Namkunda akafika, akazibua maji.

"Wifi, toka njiani."

Kimya.

"Wifi?"

Kimya.

"Wifi!" Akatupa jembe, akamshika mabega, akamtikisa. "Usife! Na wewe usife bila kuniita!"

Nakijwa akafumbua macho. Akaitafuta hasira, akakuta kilio.

"Nilimshika kichwa akikata roho, wifi. Kwa mikono yote miwili. Ningemwacha na nani, nije kukuita?"

Namkunda akaketi topeni. Wakalia. Maji, yasiyo na mwenye jembe, yakajitafutia njia huku na huku, mpaka yakayafikia maharage.

Nakijwa akapanda tena kwa mtawa.

"Baba, imekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Ilikuwa yako." Akacheka kidogo. Nakijwa akashuka, haelewi vilevile.

Asubuhi ya nne hasira ikapiga hodi. Nakijwa akaisogezea kigoda, akaiacha imekaa, akaenda kumwita wifi yake: maji yameamka.

Ngano yangu nimeizibua. Ikikufikia, mpitishie jirani.
— Imefika!