Mchapaji na Mashine Yake ya Bei

Palikuwa na mtu Tukuyu, jina lake Ambakisye, aliyekuwa na duka la kuchapa. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mikutano na ratiba za mazishi. Bei hakuibandika ukutani. Mteja akiingia, Ambakisye alimtazama viatu, akamsikiliza anavyoongea, kisha akataja.

Watu wa harusi walimtoa jasho. Walikuja kamati nzima, wakajaa kwenye benchi, wakapunguziwa, wakaomba tena, na mwishowe akawafanyia kazi kwa bei isiyomwachia kitu. Wafiwa hawakuwa hivyo. Walikuja wawili, macho mekundu, wakauliza ni kiasi gani, wakalipa, wakaondoka. Nani atakaa kubishania karatasi na mtu wake yuko mochwari? Ambakisye hakukaa chini siku moja akaamua kuwaonea. Aliongeza kidogo, hakuna aliyelalamika, akaongeza tena. Moyoni nyongeza hiyo aliiita malipo ya kazi ya haraka. Alichopoteza kwa wenye sherehe alikifidia kwa wenye msiba, wala hakukosa usingizi.

Miaka ikaenda, akanunua programu ya kompyuta ya kupanga bei, ile yenye akili mnemba. Fundi aliyemuuzia aliielekeza isome kazi zote za nyuma zilizokuwa kwenye kompyuta ya duka, kazi gani ilitozwa kiasi gani, ili ijifunze kutoza kama mwenye duka mwenyewe. Ikajifunza. Tangu hapo mteja alieleza kazi yake, Ambakisye akaiandika, na bei ikatokea kwenye skrini. Aliipenda mno. Aliigeuza skrini iwaelekee wateja, na akija mtu wa kubishana alinyoosha kidole tu. Lawama zote zilihamia huko.

Mwaka huo Mama Lugano, muuza vitambaa wa sokoni, alimwoza binti yake na ratiba za harusi alizichapisha hapo. Mvua hazijakatika, mume wa Mama Lugano akafariki. Akarudi na shemeji yake, wasifu wa marehemu ukiwa kwenye simu. Karatasi alitaka zilezile, kurasa zilezile, idadi ileile, maana waalikwa na waombolezaji ni watu walewale. Bei ikatokea. Ilikaribia mara mbili ya ile ya harusi.

Mama Lugano aliitazama skrini, akamtazama mwenye duka.

"Karatasi si ni ileile, baba?"

"Ni ileile, mama," akajibu Ambakisye. "Ila mimi sipangi. Inapanga mashine."

Shemeji akakumbusha kwamba gari lenye jeneza limeshatoka Mbeya. Mjane akafungua mkoba, akalipa, akaongezea na hela aliyokuwa ameitenga ya mchele wa waombolezaji.

Ambakisye aliichapa kazi ile vizuri, lakini swali la yule mama halikumtoka. Duka lilipotulia, aliiandika kazi ileile upya, akafuta neno mazishi, akaweka harusi. Bei ikashuka. Akarudisha mazishi. Ikapanda. Akapandwa na hasira, hasira ya kweli kabisa, akampigia simu fundi. Ametapeliwa, alisema. Ameuziwa kitu kinachowanyonya wafiwa, na sasa kinamharibia jina.

Fundi alimwacha amalize.

"Mzee, hicho kitu hakijawahi kufiwa," akasema. "Hakijui msiba ni nini. Bei hiyo kimeikuta kwako."

Ambakisye alikata simu, akakaa. Aliona aibu kubwa, kwa sababu hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Kesho yake alimwita fundi dukani, wakairekebisha programu, mazishi na harusi zikawa bei moja. Kisha akatoa fedha aliyomtoza Mama Lugano kupita kiasi, akaitia kwenye bahasha, akaenda kwake kwa miguu. Njiani alijipangia maneno. Angesema: mama, ni mimi. Angemwambia na juu ya wale wengine waliomtangulia, miaka yote ile.

Aliwakuta bado wako matanga. Wakampisha kiti, wakamletea chai. Mama Lugano alipoifungua bahasha machozi yalimtoka, na kabla mgeni hajafumbua kinywa akawageukia watu.

"Mnaona? Niliwaambia si yeye. Huyu baba ana utu. Mbovu ni ile mashine yake."

Watu wote wakamtazama. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa machache, na hapakuwa na mtu wa kumzuia kuyasema.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ilikuwa na kasoro. Nimeshaitengeneza."

Wakamshukuru. Mzee mmoja akasema wafanyabiashara wa namna hii wamebaki wachache. Habari ikazagaa mjini, wafiwa wakazidi kuja kwake, na kweli hakumtoza hata mmoja wao kupita kiasi tena. Lakini wale waliolipa zamani, kabla mashine haijaletwa, hawakurudishiwa kitu, kwa kuwa siku zile hapakuwa na mashine ya kukosea.

Sasa nijibuni ninyi mliokaa hapa: kati ya mtu yule na mashine yake, kilichotengenezwa ni kipi?